Siku Niliyovuka Mlango wa Mwanangu

Zamani nikiuza omena, wale dagaa wa ziwani, Kawangware, mvua ilininyeshea gunia zima. Wenzangu wakasema, mwaga hiyo, imeoza. Nikainusa. Haikuwa imeoza, ilikuwa imeshika unyevu tu. Nikaianika juani siku hiyohiyo, ikapona. Jirani yangu alifunika yake, akaogopa hata kuiangalia, ikamwozea. Huyo mama naye alikuwa na maneno... lakini tumwache.

Nilikumbuka omena hiyo mwaka jana, nikiwa kliniki na mke wa mwanangu. Nesi alimpima saratani kwa kumpaka siki kwenye mlango wa kizazi, pakatokea doa jeupe.

"Mama, nakufa," msichana akanilalia begani.

"Hufi," nesi akasema. "Hii si saratani. Ngozi imeanza kubadilika. Ukiiacha miaka, inaweza kuwa saratani. Tukiichoma sasa, wengi hupona. Halafu unakaa wiki kadhaa bila kulala na mume."

Msichana akaomba kwanza amwambie mumewe. Kesho yake nilimngoja kliniki, hakutokea. Nikatembea mpaka kwao Gatwekera.

Sasa, sisi watu wa ziwani, mama haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, asije akaona kitanda chake. Na nyumba za Gatwekera ni chumba kimoja, mlango na kitanda vinasalimiana. Kwa hivyo miaka yote chai yangu nililetewa nje, nimekalia jerikeni.

Nikamsikia mwanangu ndani. "Huo ni ugonjwa wa malaya. Uliutoa wapi?"

"Nesi amesema doa hili huletwa na kirusi, nacho hukaa mwilini miaka mingi. Pengine kabla hata hatujaoana."

"Nesi ndiye mume wako? Huendi popote."

Mkono wangu ukashika pazia. Nikaingia.

"Mathe! Umeingia?"

"Nimeingia. Na kitanda nimekiona, sijapofuka. Hicho kirusi hata wewe unaweza kuwa ndiye uliyekileta, mwanamume hukibeba bila kujua. Saa hii ni doa. Ukimfungia humu, unamchimbia kaburi."

Mwanangu akavuta blanketi akafunika mto, kama mtoto anayeficha kitu. Kisha akakunja ngumi. Sikusogea.

Msichana akainama, akavaa viatu. "Mama, twende kabla hawajafunga."

Mwanangu akachukua koti kwenye msumari, akatupita mlangoni, akashuka kuelekea reli bila kugeuka. Doa lilichomwa jioni hiyohiyo; yeye mpaka leo hajarudi.