Bunduki Niliyoichagua Thumama

Sikupaswa kukubali kwenda Thumama kumchagulia bosi wangu bunduki. Ningesema tu kwamba bunduki sizijui, naye angecheka, nami ningerudi kuosha gari. Nilisema ndiyo, tena haraka.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa dereva wa familia moja ya Muaither, pembeni mwa Doha. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa mlinzi wa shamba la bosi huyohuyo nje ya mji. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Kenya niliwahi kuwa jeshini, nikiendesha lori la jikoni, na shemeji hakunipa nafasi ya kulisahau hilo.

"Afande wa sufuria!" aliniita kila nilipoingiza gari shambani, akipiga saluti kwa mkono wa kushoto.

Bosi alishika neno moja tu, afande. Kwa Kiarabu ni neno la mabwana wa zamani, akataka kujua dereva wake amekuwa bwana lini. Shemeji akamjibu kwamba kwetu afande ni mwanajeshi. Sufuria hakuitafsiri, nami sikuongeza neno.

Tangu hapo bosi aliniangalia kwa jicho lingine. Alikuwa na kibali cha silaha, na alitaka bunduki ya zamani ya kijeshi ya kulengea shabaha siku za Ijumaa, kama walizokuwa nazo wenzake. Mzee mmoja wa Thumama alikuwa akiuza mbili.

"Utanichagulia wewe," bosi akasema. Katika nyumba ile sikuwa nimewahi kuulizwa lolote ila barabara ipi haina foleni.

Mzee alizilaza juu ya zulia. Moja ilikuwa imechubuka kitako na chuma chake kimefifia. Ya pili mbao zake zilikuwa zimepakwa mafuta zikang'aa, na bosi aliishika hiyo asiiachie.

Jambo moja la bunduki nilikuwa nalijua. Tulipokuwa makuruta, fundi wa silaha alitufokea kila siku: bunduki na bolti yake, ukichanganya utaumia. Bolti ndiyo chuma kinachoifungia risasi ndani. Nikatazama namba zilizogongwa. Kwenye ile iliyochakaa zilifanana. Kwenye ile nzuri, namba ya bolti ilikuwa nyingine kabisa.

"Zein?" bosi akauliza. Ni nzuri?

Mzee alikuwa ananimiminia kahawa, mimi dereva, kwenye kikombe kama chao.

"Zein, baba. Zein sana."

Ijumaa iliyofuata bosi aliangusha makopo kadhaa, akafurahi, akamwita shemeji naye ajaribu.

"Leo afande ni mimi," shemeji akaniambia. "Wewe kachemshe maharagwe."

Nilicheka. Akalenga, akafyatua. Mlio haukuwa kama ile mingine, na moshi ulitokea nyuma ya bunduki, usoni pake. Alikaa chini taratibu, mikono machoni. "Shemeji," akaita, "nishike, sikuoni."

Hospitalini bosi alisema ni majaaliwa ya Mungu. Shemeji naye alisema hivyohivyo, na alisafirishwa kwenda nyumbani akiwa bado na bandeji, akinishukuru kwa kumbebea begi.

Mke wangu ndiye aliyeuliza, kwenye simu.

"Baba watoto, wewe ulikuwa jeshini. Hukuona kasoro yoyote?"

"Niliona."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Hakunitukana. Nilisikia kuku wetu wakilia uani, kisha simu ikakatika. Baada ya hapo simu zangu walipokea watoto tu.

Nilibaki Doha miaka mingi kuliko nilivyohitaji, kwa sababu sikujua ningeingiaje nyumbani. Niliporudi nilikuta ameshahamia kwa mdogo wake. Nilimfuata huko zaidi ya mara moja. Shemeji alinikaribisha chai, akanitania kidogo, akigeuza kichwa chote ili anione. Mke wangu hakutoka chumbani.

Nilitaka nionekane najua, na nilichokijua nikakificha. Shemeji yangu alipoteza jicho la kulia na kazi. Mke wangu hakurudi kwangu tena. Alipofariki alizikwa nyumbani kwa mdogo wake, nami nilisimama kaburini pamoja na wageni.