Pikapu Iliyonuka Mursik

Siku yangu ya kwanza kazini, foromani wa karakana ya shamba la chai nje ya Kericho hakunipa spana. Alinipeleka kwenye trekta lililokuwa limetoka kuvuta trela la majani mabichi, injini ikitokota, akasema, "Weka mkono kwa paipu ya juu." Niliweka, nikauondoa mbio. "Sasa ya chini." Ilikuwa baridi. "Juu moto, chini baridi. Maji haitembei. Umejua ugonjwa na bado hujafungua nati hata moja."

Mdomo wake ulikuwa mchafu kuliko ovaroli yake, lakini nilimpenda mtu yule, nasema wazi. Nyinyi vijana mnaochomeka kompyuta na kungoja kuambiwa ukweli mnanichekesha. Sisi tulitumia mkono, sikio na pua. Injini ikichemka tulianza na vitu vya bure: maji yapo? Mkanda wa feni umelegea? Kisha thamostati, ile valvu ndogo inayofungulia maji njia yakipata moto. Mwisho kabisa ndiyo gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, na hapo mwenye gari alikaa chini kwanza ndipo asikie bei.

Miaka ya tisini nilihamishiwa kiwanda kimoja upande wa Boito, chini ya Meneja wa Usafiri, mtu wa tai na viatu vya kung'aa hata kwenye matope. Yeye alikuwa na neno moja tu: "Fundi, gari ikilala usiniletee hadithi, niletee spea." Hii ninayowapa sikumpelekea.

Jumamosi nilitengeneza magari ya watu majumbani mwao. Ndivyo alivyonijia Mama Cherono, mjane aliyekuwa na chai na ng'ombe wachache ng'ambo ya mto. Mumewe alifia hospitali ya mbali, akamwachia pikapu kuukuu ya petroli. Aliitumia kupeleka maziwa na majani ya chai.

"Fundi, hii gari inanikataa," alisema. "Tukianza kupanda mlima, mshale wa joto unaenda mpaka mwisho. Inatoa moshi, na huo moshi unanuka kama jikoni. Nikitoa ufunguo, injini inaendelea kupumua yenyewe. Watu wanakimbia."

Nilimwambia injini ya petroli ikipata joto kupita kiasi huendelea kujizungusha kidogo hata ukitoa ufunguo, kwa sababu ndani mna masizi yanayowaka kama makaa. Hakuonekana kutulia. Shida yake haikuwa injini peke yake. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba ndugu yake hamtaki kwenye usukani. Na kama marehemu hamtaki kwenye gari, hamtaki nyumbani pia, basi afungashe arudi kwao.

Nilifika kwake mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye michai, hata lango la boma halionekani ukiwa mlangoni. Shemeji alikuwa amesimama uani, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kusikia hukumu. Mama mzazi wa marehemu, ambaye wote walimwita Kogo, yaani bibi, alikuwa amekaa kizingitini akitazama pikapu. Hakunijibu salamu. Hakuiondolea ile gari macho.

Injini ilikuwa baridi, nikafungua kifuniko cha rediata. Juu ya maji palielea ukoko mweupe. Moyo ukanianguka, maana ute mweupe ndani ya rediata kwa kawaida ni oili iliyopenya kwenye maji, na hapo gasketi ya hedi imekwisha. Nikachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa safi. Nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi nione mapovu. Hakuna. Nikachukua ule ute nikausugua kwa vidole. Haukuteleza. Ndani yake mlikuwa na vichembe vyeusi vya mkaa.

Nikanusa. Nimefungua rediata nyingi, nimekuta kutu, mende, hata pilipili ya kuzibia tundu. Lakini ile harufu ilikuwa ya chakula cha mtu.

Paipu ya juu ilipata moto, ya chini ikabaki baridi. Basi nikazima, nikangoja ipoe, nikaishusha rediata na kuimwaga kwenye nyasi. Yalitoka mabonge meupe, moja baada ya jingine, yakitoa mvuke katika ile baridi. Mama Cherono aliinama, akaziba mdomo kwa leso.

"Hii ni mursik," alisema.

Kwa msiojua, mursik ni maziwa lala ya Wakipsigis, yanayowekwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa. Mtu akirudi kutoka safari ndefu, mama yake humpokea nayo.

Shemeji alirudi nyuma hatua. "Niliwaambia," alisema kwa sauti ndogo. "Ndugu yangu anakunywa."

Mimi nilikasirika, na hasira ilinisaidia kuficha hofu. Nikamwambia gari halina koo. Nikaisafisha rediata kwa magadi na maji ya tangi, nikayapitisha kinyume mpaka yakatoka safi kabisa, nikairudisha, nikajaza. Kisha nikaketi kando ya Mama Cherono, tukaupanda ule mlima. Mshale ulifika katikati ukatulia hapo. Alilia huku anaendesha, na mimi nikatazama michai.

Tuliporudi alizima injini, ikanyamaza mara moja. Nikashuka, nikaegemea ubavu wa pikapu kwa kiwiko. Hapo Kogo akatokea kwenye ukungu, kibuyu mkononi. Hakututazama. Alikwenda moja kwa moja mbele ya gari, akainua boneti kama mtu aliyezoea, akashika kifuniko cha rediata.

"Usifungue!" nilipiga kelele. Maji ya moto yangemchubua uso wote. Mama Cherono aliruka akamshika mkono.

Bibi yule alisema maneno mengi kwa Kikipsigis, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Mkwe wake alinitafsiria. "Anasema mwanawe alikuwa anamwachia kazi ya kuweka maji asubuhi, ndiyo anajua mdomo uko wapi. Anasema walimleta nyuma ya hii gari, wamemfunika blanketi, na watu wakamzuia yeye mama mlangoni. Hakumpokea. Kwa hivyo kila gari ikirudi na kupoa, anampokea. Leo tumeyamwaga, hakuweza kungoja ipoe."



Mama Cherono alipiga magoti kwenye nyasi iliyolowa. "Kogo, mimi ndiye nimerudi," alisema kwa Kiswahili, nadhani ili sote tusikie. "Nipokee mimi."

Kogo alimgeukia. Kisha akamwinulia kibuyu mdomoni, naye akanywa. Nilielewa hata mimi mtu wa ziwani, nisiye Mkipsigis: mama mwenye boma amempokea mkwe wake mbele ya watu, nani tena atamwambia afungashe? Shemeji alivua kofia.

Lakini Kogo hakuwa amemaliza. Aligeuka, akatazama sehemu ya mizigo nyuma ya pikapu, ambapo hapakuwa na kitu.

"Na huyu wa nyuma?" aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

Mama Cherono alipangusa mdomo. "Ameshuka, Kogo. Amefika nyumbani."

Sasa nimestaafu, magoti hayakubali tena kulala chini ya gari. Vijana huniuliza kama ninaamini mambo haya. Huwaambia maziwa huziba rediata, na rediata iliyoziba huchemsha injini. Hilo nalijua kwa mkono na pua. Najua pia springi za gari. Haziinuki mpaka uzito upungue. Na Mama Cherono aliposema "ameshuka," ubavu wa pikapu uliinuka chini ya kiwiko changu, taratibu, jinsi gari linavyofanya mtu mzima akiteremka.