Mama, Australia na Swali la Kulala

Jamani, leo ratiba yangu ya wiki mbili imeangushwa na swali moja la Mama.

Mama anaenda Australia kumwona dada yangu Nekesa na mtoto wake. Nimempangia kila kitu: siku mbili za kupumzika tu, kanisa, bahari, hadi kangaruu.

Nikatoka Kitale mpaka Bungoma kumsomea. Akasikiliza yote, halafu:

"Na usiku nitalala wapi?"

"Kwa Nekesa, Mama."

"Nyumba moja na mkwe wangu? Wiki mbili? Basi wacha nikae nyumbani."

Wabukusu wenzangu, si mnajua! Mama mkwe halali nyumba moja na mume wa binti yake. Mimi nimesahau kabisa, bize na kangaruu.

Nikampigia shemeji, simu ikiwa kwa spika, nikamweleza yote. Yeye pia ni Mbukusu, mtu wa Malakisi. Akacheka.

"Wewe panga bahari, bana. Hiyo ya kulala nilipanga kitambo. Mama akifika, mimi nahamia kwa rafiki yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu."

Mama akapangusa macho na leso.

"Toa hiyo bahari," akaniambia. "Andika kila jioni ninampikia mkwe wangu, Nekesa anampelekea."