Makomeo Mawili, Paka Mmoja

Mlango wa chumba changu hapa Kabiro, Kawangware, una makomeo mawili, na yote mawili niliyatia kwa ajili ya paka. Mwizi hata sikumfikiria. Angeiba nini? Cherehani iko nje barazani mchana kutwa, na mimi nimeketi nyuma yake. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, boksi la vitambaa, na paka wa kike mwenye madoa ya kijivu ambaye kwa wiki sita za kwanza hakukanyaga nje hata siku moja.

Sikuwa na raha. Nilikuwa nikishona upande mmoja wa sketi ya shule, nainuka, nausukuma mlango kuhakikisha umefungwa, narudi, nashona upande wa pili, nainuka tena. Nikienda chooni nafunga, nafika katikati ya ua wa ploti, narudi kutazama kama kweli nimefunga. Wateja walidhani nina ugonjwa wa kibofu.

Niliyemwogopea alikuwa ameshakufa. Mama yake paka huyu aliishi nami Kisumu Ndogo, kule Kibera, na huko mlango wangu haukufungwa mchana hata mara moja. Alikuwa wangu kwa sababu alizalia kwenye boksi langu, basi. Kwa mengine yote alikuwa wa safu nzima ya vyumba. Kwetu kule paka aliazimwa kama jiko. Mtu akisumbuliwa na panya alikuja jioni akasema nipe paka kidogo, akaondoka naye kwapani, asubuhi akamrudisha pamoja na vichwa vya omena, wale dagaa wa ziwani, vilivyofungwa kwenye gazeti. Kumrudisha paka mikono mitupu ilikuwa aibu.

Asubuhi moja alijirudisha mwenyewe. Alikuja akiyumba, akaanguka kizingitini. Kuna aliyeweka sumu ya panya na paka akamla panya aliyeila. Alifia mapajani mwangu kabla maziwa niliyoagiza ya kupunguza sumu hayajafika. Nani aliweka, sikujua, na kwa kuwa sikujua niliwachukia wote. Nilikuwa nikimsalimia mtu huku najiuliza, au ni wewe?

Kwa hiyo nilipopata kazi ya sare za shule huku Kawangware, nilimtia binti yake kwenye gunia, nikalizungusha mara tatu ili asikumbuke njia ya kurudi, kama tunavyofanya sote tukihama na paka. Nikajiapia kwamba huyu hatatoka.

Yeye hakuapa chochote. Alishinda dirishani amebandika pua kwenye wavu. Alilia asubuhi, alilia saa sita, alikwaruza mlango mpaka rangi ikabanduka kwa chini. Akanenepa, akawa na hasira za kizee. Mteja mmoja aliniuliza, "Huyo amefungwa miaka mingapi?" Nikacheka naye, lakini liliniuma.

Jirani yangu wa kushoto ni mwanamke wa kutoka Magharibi ya Kenya anayeuza maharagwe na unga sokoni Kawangware 46, na magunia yake analala nayo chumbani. Kati yake na mimi kuna ukuta wa mabati ambao haujagusa sakafu vizuri, kwa hiyo akipika naunusa mchuzi wake. Nilikuwa na wiki mbili tu hapa alipokuja kusimama mbele ya cherehani.

"Niaje jirani."

"Poa sana. Karibu."

"Hawa mapanya watanimaliza, walai. Wametoboa gunia mbili za maharagwe. Si uniachie hiyo paka yako hata leo tu?"

Niliinuka nikausukuma mlango. Nikamwambia haitoki.

"Haitoki? Kwani ni ya kuangalia tu, kama TV?"

Alikuwa akitania, na mimi nikadanganya kwamba paka anaumwa. Akasema pole, kwa moyo kabisa. Kesho yake akaniletea maziwa kwenye kikombe, ya mgonjwa. Niliona haya mpaka masikioni. Hata hivyo nilipokea kikombe, nikamnywesha paka, nikatia makomeo yangu mawili.

Jumamosi moja mchana, nikiwa napinda pindo, nilisikia kishindo ndani. Nilifungua mlango haraka. Panya mkubwa alikuwa katikati ya sakafu, mchana peupe, anatembea upande kama mlevi wa chang'aa, na paka wangu alikuwa tayari amemrukia. Sikufikiri. Nilimkaba paka shingoni na kumvuta, naye akanichana kutoka kifundo cha mkono mpaka kiwiko. Sikumwachilia mpaka panya alipomdondoka. Nilimzoa panya kwa karatasi ya plastiki nikaenda kumtupa chooni, damu yangu ikinidondoka njia nzima, kisha nikaenda kugonga kwa jirani.

"Umeweka sumu?"

"Eeh, nimeweka jana. Sasa ningefanyaje, na paka yako ni mgonjwa?"

Nilikuwa nimekuja kupigana. Nikabaki nimeshika mkono wangu unaotoka damu, nikamweleza yote pale pale mlangoni: kwamba paka hakuwa mgonjwa, kwamba mama yake alikufa, na jinsi alivyokufa. Alishika kichwa.

"Mathe, si ungesema tu! Ningejua ningeweka kweli?"

Alikuwa ameweka madonge manne ya ugali uliochanganywa na sumu. Tulivaa mifuko ya plastiki mikononi tukayatafuta. Mawili yalikuwa nyuma ya magunia, vile vile alivyoyaweka. La tatu lilikuwa uvunguni, limeliwa nusu. La nne hatukuliona. Tulihamisha kila gunia, tukainua godoro, tukamulika kwa simu kila pembe.

"Labda wameila yote," akasema.

Labda. Nilirudi kwangu nikiwa na labda hiyo kifuani. Paka alikuwa amelala kwenye boksi la vitambaa, mahali pake pa siku zote, anajilamba mguu. Nilimwinua nikakung'uta vitambaa kimoja kimoja. Chini kabisa, ndani ya kipande cha sketi ya kijani, lilikuwepo donge la ugali lenye alama za meno ya panya. Panya alilipitisha chini ya mabati, akaja kuliweka akiba pale pale paka wangu anapoweka kichwa chake.

Nikagonga mabati. Jirani alinikuta nimekaa sakafuni. Alilitazama donge, akatazama mlango na makomeo yake, akalichukua donge kwa mkono wake wenye mfuko, akaenda kulitupa chooni. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Hatukujua kama paka alikuwa amelilamba. Tulimtazama paka mchana wote ule tukiwa na maziwa kando, kila akipiga chafya tunasimama. Jua lilipoanza kuinama alijinyoosha, akaenda mlangoni akakwaruza pale palipobanduka rangi. Nilifungua. Nilimbeba nikamweka mikononi mwa jirani, nikamwambia ampeleke kwake, ila sumu asiweke tena.

"Siweki. Haki ya Mungu, siweki."

Kesho yake alimrudisha, na omena kidogo kwenye gazeti. Sikuwa nimemwambia habari za omena. Nililipokea gazeti kwa mikono yote miwili.

Sasa anazunguka vyumba vyote vya ploti, na wapangaji wote tumekubaliana kuhusu sumu. Nawaamini kiasi ninavyoweza. Bado nashona upande mmoja nainuka. Akiwa nje, nasimama barazani namtafuta juu ya mabati. Akirudi ndani, nafunga mlango, napiga magoti, naangalia chini ya kitanda kama kuna donge.