Kichwa cha Tangi na Ndoo Iliyopungua

Siku hiyo naikumbuka mpaka leo, mwanangu, maana nilimshuku kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Nilikuwa fundi kijana wa kuchomelea vyuma, karakana yetu ipo Amani. Kule Mangapwani palikuwa na mtambo mdogo wa kutoa mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa mvuke. Kichwa cha tangi lake la mvuke, yaani lile bakuli la chuma linaloziba ncha yake, kilikuwa kimekonda kwa kutu. Nikakikata, nikapima upana na unene, nikanunua kingine mjini.

Mtambo ule akiuendesha Bi Zuhura, mtu mzima, na kigoda chake kilielekeana na hicho kichwa. Sikumwamini hata kidogo. Alikizunguka kile kichwa kipya nilichonunua akikigonga kwa kijiko, nami nikajisemea, huyu katumwa na fundi mwingine aniharibie kazi.

"Umepima nini?"

"Upana na unene, Bi Zuhura. Nshapima mara mbili."

"Na kina chake?"

Nikacheka. Kina cha nini, na kinaziba vizuri?

Akavilaza vichwa vyote viwili kama mabakuli, akamimina maji kwa ndoo yake. Cha zamani kilichukua ndoo tano. Changu kilijaa kwa nne.

"Ndoo moja iko wapi, fundi? Mie nnakaa hapa kila siku."

Nikaishuku ndoo, nikamshuku muuzaji, nikamshuku na Bi Zuhura mwenyewe. Kwa hasira nikakichomelea, nikajaza tangi maji baridi, nikasukuma pampu ya kujaribia ili nimwaibishe. Mshale wa kipimo cha msukumo haujafika hata pale mtambo unapofanyia kazi, kichwa kikatutumka, chuma kikapasuka kwenye mkunjo wa ukingoni, maji yakaruka mpaka kwenye kigoda.

Bi Zuhura akakifuta kigoda chake kwa kanga. Ingekuwa mvuke, naye amekaa pale! Niliona haya, mwanangu.

Basi sikiliza. Kichwa kilicho bapa hakistahimili msukumo kama chenye tumbo, hata unene ukiwa ule ule. Pima upana, pima kina, pima na unene pale kwenye mkunjo, maana bati hukondea hapo likikunjwa. Kushuku si vibaya katika kazi yetu, ila anza na kipimo chako, kisha ndipo uwashuku wengine. Na anayekaa karibu na tangi akikuuliza, mjibu.

Mungu akulindie mikono na macho, na kila utakayemfungia kichwa cha tangi azeekee kwenye kigoda chake.