Uji Umeanguka

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu Machogu alifundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi karibu na Nyacheki, na miaka yote hiyo alikuwa na njia moja tu. Aliinua kitu juu, akasema sentensi, darasa likarudia. "Kitabu kimeanguka." Kisha wingi: "Vitabu vimeanguka." Kisha akataja kitu kingine, mti, jiwe, ufunguo, na darasa likabadilisha. Aliyepatia alipigiwa makofi matatu. Aliyekosea hakuchapwa wala kukemewa. Mwalimu aligeuka tu akatazama dirishani mpaka kosa lirekebishwe. Chuoni alifundishwa kwamba lugha ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa kurudia na kutuzwa. Watoto wake walitoka nyumba za Ekegusii tupu, lugha ya Wakisii. Aliona njia inafaa, hakutafuta nyingine.

Mwaka wake wa mwisho kazini, mwalimu kijana aitwaye Ogoti alimwambia mbele ya wenzao kwamba nadharia hiyo ilikufa zamani, na kwamba mtoto si kasuku.

"Ilikufa lini?" Machogu aliuliza. "Mimi sikupata habari za msiba."

Mwaka wa pili baada ya kustaafu, akichuma chai asubuhi na mkewe Nyamusi, alianguka kikapu kikiwa mgongoni. Kilikuwa kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, nguvu za mguu mmoja, na maneno yote. Ekegusii ilikwenda, Kiswahili kikaenda, na Kiingereza, ambacho hakuwahi kukipenda sana, kikaenda pia. Akitaka kumwita mkewe, kilichotoka ni "e-e-e."

Hospitalini Kisii mjini walikabidhiwa kwa Adongo, msichana wa upande wa ziwani ambaye kazi yake ni kuwarudishia watu usemi. Nyamusi alimwita daktari, ingawa mwenyewe alikwisha kukanusha mara mbili.

"Mama, maneno tunayoyatunga wenyewe ndiyo hupotea upesi," Adongo alisema. "Yaliyosemwa mara elfu huweza kubaki. Tujaribu sala."

Sala iliishia kwenye "Baba." Wimbo wa Sabato ulikuja sauti bila maneno. Kuhesabu kulifika nne. Nyamusi akachukua themosi amimine chai, kikombe kikamponyoka.

"Kikombe kimeanguka," Adongo alisema, akiinama kukiokota.

"Vikombe vimeanguka," Machogu akasema.

Ilikuwa sauti yake ya darasani, haina kigugumizi. Adongo alibaki ameinama.

"Mti," akasema polepole.

"Mti umeanguka. Miti imeanguka."

Nyamusi alilia. Kisha akajifuta machozi kwa leso, akaingia kwenye jambo la maana. "Muulize kama anataka uji."

"Uji," Adongo akasema.

"Uji umeanguka."

Kazi ikaanzia hapo. Adongo alimwelekeza Nyamusi: ainue kikombe, aseme "Nataka uji," mgonjwa arudie, baadaye ainue kikombe, anyamaze, asubiri.

"Nimnyime mume wangu uji, daktari?"

"Usimnyime, mama. Mngojee tu."

Siku ya kwanza alingoja mpaka uji ukafanya utando. Siku ya tisa Machogu akasema, "Nataka uji." Nyamusi hakujua la kufanya, akapiga makofi matatu, akampa.

Tatizo likawa Kiswahili cha Nyamusi mwenyewe, aliyeacha shule darasa la nne. "Chakula yako iko tayari," alimwambia jioni moja. Machogu akageuka, akatazama dirishani. Sahani ilikaa. Nyamusi akafikiri.

"Chakula chako kiko tayari."

Machogu akajipiga pajani kwa mkono wa kushoto, mara tatu, akala. Adongo aliandika kwenye faili: mgonjwa anaendelea vizuri, na mke pia.

Ogoti alikuja kuwaona nyumbani, na mkate na sukari. Alitazama zoezi lote.

"Lakini mama," akasema, "haelewi. Anarudia tu."

"Jana alirudia kwamba anataka kwenda chooni," Nyamusi akajibu. "Nilimpeleka. Alikuwa anaelewa."

Ogoti akanywa chai yake. Jumapili iliyofuata alirudi, akaketi mbele ya Machogu, akainua ufunguo bila kuombwa.

Mwezi wa nane tangu kiharusi, Machogu alikuwa na sentensi kama arobaini, zote za kufundishwa. Alasiri moja Nyamusi alirudi kutoka kituo cha kununulia chai, amelowa mvua, akaketi mlangoni avue gambuti. Mumewe alimtazama.

"Nyamusi amechoka," akasema.

Hiyo hakuna aliyemfundisha. Nyamusi alingoja wingi. Haukuja.

"Nimechoka," akamjibu. "Leo chai ilikuwa nyingi."

Ekegusii haijarudi, isipokuwa salamu. Kwa hiyo wawili hao husemezana Kiswahili mchana kutwa, hata wakigombana juu ya chumvi kwenye mboga za chinsaga. Majirani huwasikia ng'ambo ya ua, na wanasema tangu mwalimu astaafu, wale watu wamejidai sana.