Kitambaa cha Friji

Daktari alituambia baba angeweza kurudi nyumbani kwa sharti moja: mashine ya oksijeni ifanye kazi mchana na usiku. Mapafu yake hayakuweza tena kujitegemea. Lakini nyumba yetu ya Kiogoro hutumia stima ya tokeni, ya kulipia kabla, na tokeni za mwezi zilikuwa zikiisha kabla ya mwezi kufika katikati.

Mama akaanza kujinyima mwanga. Jioni moja nilimkuta sebuleni akichambua mboga za managu gizani, vidole vikitafuta majani vyenyewe.

"Taa ndizo zinakula," alisema. "Si unaona zinavyong'aa?"

Mjini Kisii kuna mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme. Amezaliwa pale pale, na Ekegusii chake, lugha ya kwetu, kinashinda changu. Nilipomweleza, alitikisa kichwa. "Taa mnazionea bure. Mwambie mama awashe, asije akajikwaa. Wewe kapime vingine." Akaniuzia kipimo kidogo kinachokaa kati ya plagi na soketi, kikionyesha chombo kimetumia kiasi gani.

Nilikipa kila chombo siku yake. Pasi ilikula kwa pupa, lakini kwa muda mfupi. Runinga ilikula kidogo. Taa ya mezani karibu haikusogeza namba. Friji haikupumzika. Hata asubuhi zile za ukungu, sakafu ikiuma nyayo, iliendelea kunguruma kama iliyoachwa juani.

Kwetu friji hukaa sebuleni, mbele ya wageni, na huvishwa. Mama aliifumia kitambaa cheupe kilichoteremka hadi nyuma, kisha akaisukuma mpaka ukutani ili mabomba yasionekane. Nilipopenyeza mkono huko nyuma, niliurudisha haraka. Palikuwa moto kama ubavu wa jiko.

"Mama, joto halina pa kutokea. Tuivute mbele, na kitambaa kitoke."

"Kina mama wa kanisa waje waone matumbo yake?"

"Waone."

"Wewe huna haya."

Alikitazama kile kitambaa kwa muda. Alikifuma mwaka ambao baba alijenga nyumba hii. Kisha akakivua mwenyewe, polepole, akakikunja mara nne, akashika upande mmoja wa friji. "Vuta basi. Umesimama tu?"

Siku ya pili kipimo kilionyesha karibu nusu ya kiasi cha awali. Nilifurahi, nikamwonyesha mama. Hakufurahi. Aliuliza kama nusu tuliyookoa ingemtosha baba. Nilisema sijui. Akatoa maziwa, akatoa soda za wageni, akachomoa plagi, akauacha mlango wa friji wazi ili ndani pakauke.

Baba aliletwa Ijumaa. Alipumzika mlangoni, akapumzika tena kwenye kiti. Mashine ikawashwa, mrija ukawekwa puani, na baada ya kitambo midomo yake ikaanza kurudiwa na rangi.

Nilitaka kujua mashine ingekula kiasi gani, ili nipige hesabu ya tokeni. Nikachukua kipimo, nikainama kwenye soketi. Ili kukiweka, ilibidi nichomoe plagi, sekunde mbili tu, tatu.

Mama alinishika kifundo cha mkono. Sikujua bado ana nguvu kiasi kile.

"Hiyo usipime," alisema.